Swichi Njema Hupimwa kwa Foleni

Ukiitwa kukagua swichi ya ofisi mjini Tabora, usianze na jina la aliyeitengeneza wala wingi wa taa zinazomemeta. Anza na feni. Ikifika Oktoba, joto limepanda na vumbi la kiangazi limeshajishindilia kwenye matundu ya hewa. Soma jotoridi la ndani asubuhi, kisha saa tisa alasiri. Feni zikikimbia kwa kasi ya juu kutwa nzima, chombo kinahema, na bei yake haitakiokoa.

Kisha fungua kaunta za kila poti, uzisome mara mbili kwa kupishana saa moja, maana jumla ya tangu swichi iwashwe haikwambii kama tatizo ni la leo au la mwaka jana. Hapa ndipo fundi wa kubahatisha anapojulikana. Hitilafu za CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, zinatoka njiani: kebo iliyokunjwa, moduli ya faiba iliyochoka, kiunganishi kichafu. Pakiti zinazotupwa zikiwa zinatoka ni habari nyingine kabisa. Hapo bafa, kumbukumbu ya kuwekea pakiti zinazosubiri zamu, imejaa. Anayeongeza bafa ili kutibu CRC hajui anachotibu.

Wala usiridhike na grafu ya wastani wa dakika tano. Poti ya gigabiti 10 ikimimina kwenye poti ya gigabiti 1, bafa ya megabaiti 1 hujaa kabla milisekunde moja haijaisha. Grafu itasema laini imetumika asilimia 30 tu, na pakiti zimeshamwagika.

Wengi hapo hudai bafa kubwa zaidi. Tabora ililiona jambo hilo zamani. Mwaka 1871 vita vya mtemi Mirambo vilipoziba njia ya Ujiji, misafara ilikwama Unyanyembe, eneo la Tabora, na shehena ya Livingstone ikalala Kwihara. Mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alingoja wapagazi hapo tangu Machi hadi Agosti. Pa kuweka mizigo palikuwepo. Wa kuibeba ndio hawakuwepo. Ndivyo ilivyo kwenye mtandao: faiba ya Mkongo wa Taifa inaweza kuwa pana, lakini kinachobana ni kifurushi ulicholipia. Megabaiti 1 iliyojaa mbele ya kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde humchelewesha wa mwisho kwenye foleni milisekunde 400. Hakuna pakiti iliyopotea, kaunta ni safi, na kikao cha video hakisikilizani. Ndiyo maana mbinu ya CoDel, waliyoichapisha Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, huangalia muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni, si urefu wa foleni. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kweli.

Basi pima kwa amri ya ping hadi ruta ya mtoa huduma laini ikiwa imetulia, halafu mtu apakie faili kubwa. Ikitoka milisekunde 10 ikafika 30, mpongeze fundi. Ikiruka hadi mamia, foleni ya kawaida ifupishwe, na sauti ipewe foleni yake inayotangulia. Usifupishe kila mahali, hata hivyo: poti ya seva inayopokea nakala za usiku inahitaji nafasi. Na pale bafa moja inapotumiwa na poti zote, kuikata mafungu sawa ni kuacha kumbukumbu imelala kwenye poti zisizo na kazi.

Kabla ya kulipa, dai vipimo vilivyoandikwa kabla na baada ya marekebisho. Fundi asiye navyo hajamaliza kazi.