Chicago 4.0 na bariamu iliyorudishwa nyuma ya foleni

Chicago 4.0, mwongozo wa kimataifa wa kuainisha matatizo ya mwendo wa umio, ilikosea mpangilio wa vipimo, na kosa hilo linawaumiza zaidi walio mbali na mashine. Wataalamu 52 kutoka nchi 20 walipoutoa mwongozo huo mwaka 2021, manometria ya vihisi vingi, yaani katheta inayopitishwa puani kupima shinikizo ndani ya umio, ilikalishwa kiti cha hakimu. Picha za bariamu zinazopigwa kwa dakika maalumu zikabaki shahidi wa kuitwa pale IRP (kipimo cha jinsi mlango wa chini wa umio unavyolegea) ikileta utata, bega kwa bega na FLIP (puto linalopima jinsi mlango huo unavyotanuka).

Watanijibu kwamba waraka ulihusu manometria tangu mwanzo. Sawa, lakini kila anayepima ubora wa kipimo kipya siku hizi anauliza kimekubaliana na manometria kwa kiasi gani. Nimelipinga hili miaka mingi na sitaliacha. Kazi ya umio ni kushusha chakula. Shinikizo ni dalili ya kazi hiyo, na anayepima mashine kwa mashine hajapima kumeza.

Ushahidi wa kuitilia shaka mashine hiyo ulikuwepo. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2016 uligawa wagonjwa kwa kura kati ya mashine mpya na ya zamani za manometria, ukachambua 245: mpya iligundua akalasia, yaani mlango wa chini wa umio kukataa kufunguka, kwa asilimia 26 ya wagonjwa wake, ya zamani asilimia 12. Ugunduzi uliongezeka, ila wagonjwa walistahimili vizuri zaidi ile ya zamani. Matokeo hayo yalistahili kuwapunguza kasi walioandika mpangilio.



Kuhusu bariamu, turudi nyuma hadi Cleveland, Marekani, 1997. De Oliveira, Richter na wenzao walimsimamisha mgonjwa, wakamnywesha bariamu, wakapiga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5, kisha wakapima urefu na upana wa safu iliyobaki. Mwaka 2002 Vaezi na wenzake wakaonyesha kwamba baada ya kutanuliwa kwa puto, safu hiyo ilitabiri mafanikio ya muda mrefu vizuri zaidi kuliko maneno ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna katheta puani, wala dawa ya usingizi kama inavyozoeleka kwenye FLIP.

Sasa mfikirie mganga wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, aliye mbali na mashine. Mbele yake kuna mtoto aliyemeza soda ya kostiki ya kutengenezea sabuni, umio umeota kovu na kubana. Manometria haimwonyeshi mbano huo. Bariamu inauonyesha mara moja. Kwa mama anayetapika ugali wa jana, akifuata mpangilio wa Chicago atampitisha kwenye matope ya kuelekea Sake akasake katheta, ilhali penye eksirei na rula swali la kwanza, kama chakula kinashuka, lingejibiwa palepale. Picha ingetangulia kwa simu, mgonjwa akafuata tu ikiwa kuna cha kutibu. Penye shaka ya saratani endoskopi haikwepeki, na hiyo ndiyo safari ya kumchangia nauli.

Toleo lijalo liruhusu bariamu ianze pale manometria isipofikika, na liandike hivyo waziwazi.