Mkanda wa nani unafungwa? Neno kwa wenzetu wa mrengo wa kushoto hapa Brussels



Tarehe 13 Februari 2025 nilikuwa barabarani hapa Brussels, katika maandamano ya kuipinga serikali mpya ya Bart De Wever, ambayo ilikuwa haijatimiza hata wiki mbili madarakani. Polisi walihesabu watu 60,000, vyama vya wafanyakazi vikasema 100,000. Wekundu wa FGTB, kijani cha CSC, bluu ya CGSLB, na baridi ya kukata masikio. Madai yalikuwa wazi: msiguse pensheni, msiwakatie posho wasio na kazi baada ya miaka miwili, mkitaka pesa nendeni kwa matajiri. Nilipiga kelele na wenzangu mpaka sauti ikakauka. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanisoma vibaya: niko upande wao.

Lakini siku hiyo hiyo simu ilikuwa haitulii mfukoni. Goma ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na siku chache baadaye Bukavu nayo ikafuata. Nikageuza shingo kutafuta bango moja tu linaloitaja Kongo. Pale nilipokuwa mimi, sikuliona.

Mtu ataniuliza: Kongo inahusiana nini na pensheni ya mpiga chapa wa Liège? Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 1960 serikali ya Gaston Eyskens ilipeleka bungeni sheria iliyokuja kujulikana kama Sheria Moja, yaani Loi unique. Ilipandisha kodi, ikagusa pensheni za watumishi wa umma, ikakaza masharti kwa wasio na kazi. Yaani ukisoma orodha ile leo unaweza kudhani imeandikwa mwaka juzi! Na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba Ubelgiji imeipoteza Kongo, kwa hiyo wananchi hawana budi kujifunga mkanda. Mgomo ukaanza tarehe 20 Desemba. Viwanda vya Wallonia vikasimama, treni zikasimama, watu kadhaa wakauawa katika vurugu. Kiongozi wake mkubwa, André Renard, akadai sheria ifutwe, uchumi ubadilishwe muundo, na Wallonia ipewe madaraka yake.

Sasa angalieni tarehe. Bunge la chini lilipitisha sheria ile tarehe 13 Januari 1961. Tarehe 17 Januari, mgomo ukiwa unakata roho, Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Bunge la Ubelgiji lenyewe, baada ya uchunguzi wake wa miaka ya 2000 na 2001, lilikiri kwamba nchi hii ina dhamana ya kimaadili katika mauaji yale, na mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Serikali iliyokuwa inambana mfanyakazi wa Liège na serikali iliyokuwa inamwinda Lumumba ilikuwa moja, wiki zile zile. Lakini katika madai makuu ya mgomo, Lumumba hakuwamo.

Mwenzangu mmoja, Mbelgiji, tulibishana naye juu ya hili. Akasema si haki kumlaumu mchimba makaa wa Borinage, kwani faida ya shaba ya Katanga haikuingia mfukoni mwake, iliingia kwa wenye hisa wa Union Minière. Ni kweli kabisa. Na hiyo ndiyo hoja yangu! Kama faida haikumfikia, basi aliposikia kuwa Kongo imepotea na yeye ndiye atakayelipa pengo, alipaswa kuuliza: hivi kweli, kile ambacho sikukipata nimekipotezaje? Swali hilo lingempeleka moja kwa moja kwa Mkongomani aliyechimba ile shaba. Halikuulizwa kwa sauti ya kutosha, na sheria ikapita. Baada ya uchaguzi wa Machi 1961 Wasoshalisti wakaingia serikalini, na sehemu kubwa ya sheria ile ikabaki.

Na hilo ndilo jambo la pili ninalowahakiki kwalo. Wakiwa nje wana sauti, wakiingia ndani wanashika mkasi. Mgomo mkuu wa tarehe 30 Januari 2012 ulikuwa dhidi ya serikali ya nani? Ya Elio Di Rupo, Msoshalisti. Serikali ya De Wever nayo ina Vooruit, chama cha Wasoshalisti wa Flanders. Tusidanganyane.

Sisi wa kutoka Tanzania neno hili la mkanda tunalijua. Baada ya vita vya Kagera tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ikaisha, mkanda haukulegezwa. Mwalimu alibishana na IMF kwa miaka, akihoji ni nani aliyeifanya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini. Baada ya hapo tukaletewa msamiati mtamu: marekebisho, ubinafsishaji, kuchangia gharama. Kuchangia gharama maana yake mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kwa hiyo ninapomsikia mzungumzaji jukwaani akisema ubanaji huu ulianzia Ugiriki mwaka 2010, nacheka kwa uchungu. Dawa hiyo ilijaribiwa kwetu kwanza.

Si wote wasioliona hili. CADTM, kamati ya kupinga madeni iliyoanzishwa hapa hapa Ubelgiji mwaka 1990, imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba deni la Kinshasa na deni la Athens yasomwe katika daftari moja. Lakini sauti yao ni ndogo kwenye maandamano makubwa. Mkataba wa serikali ya De Wever ulipanga kupunguza bajeti ya ushirikiano wa maendeleo kwa asilimia 25, huku fedha za ulinzi zikipandishwa. Lilikuwa la kusemwa pamoja na pensheni.

Na sisi je? Hapa lawama inaturudia. Nimekaa Matonge nikasikia mara ngapi, eti "huo ni ugomvi wao wazungu." Wao nani? Dada zetu wanaosafisha maofisi alfajiri, wanaolea wazee wa watu, wenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, hao ndio posho ikikatwa wanaanguka mapema. Makato yale yalianza kutekelezwa Januari 2026, na hayachagui pasipoti. Mgomo wa siku tatu wa Novemba 2025 wengi wetu tuliutazama kama watu wanaosubiri basi lililochelewa.

Ushauri wangu ni mdogo. Maandamano yajayo tusiende kama wageni waalikwa. Twende na mabango yetu, moja la pensheni na jingine la Kongo, na yote mawili yabebwe na mtu mmoja.

Naomba kuwasilisha.