Kwihara Katika Simu

Mtu akiwa Tabora leo, akaifungua ramani iliyomo simuni mwake na kuutazama upande wa kusini-magharibi ya mji, Kwihara humtokea pamoja na picha walizopiga wageni waliomtangulia, kila moja imefungamanishwa na pale ilipopigwa. Nimezipitia kama nipitiavyo diwani ya mshairi nisiyemjua, nami nakiri kuwa zimenipendeza, na zimeniudhi.

Zimenipendeza kwa ule mlango wa nakshi wa tembe, ambao mtu wa Unguja akiuona humtambua nduguye. Zimeniudhi kwa kuwa wapigaji, karibu wote, wamesimama mahali pamoja: mbele ya nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley angemletea kutoka pwani. Nyumba tunaionyeshwa, njia iliyoifanya nyumba hiyo iwepo, hatuionyeshwi. Hapo hapo Unyanyembe, mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliupitisha mwili wa bwana huyo wakiuchukua Bagamoyo. Mzigo ule ulikwenda kwa miguu.

Wazee wetu walioandika habari za bara waliujua msafara kwa namna nyingine. Msome Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, au Selemani bin Mwenye Chande katika *Safari za Wasuaheli*, kitabu alichokitoa Velten mwaka 1901. Kwao kituo hupimwa kwa maji, kwa chakula, kwa hongo inayodaiwa na mwenye nchi, na kwa siku zilizosalia. Mahali pana jana yake na kesho yake. Picha ya simu haina jana; ina nukta tu. (Saa inayo, najua, lakini saa si safari.)

Na pasiposimama mwenye simu, ramani hubaki tupu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya UNESCO, na Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde zimetajwa sawa na Kwihara na Ujiji. Mtalii hufika Kwihara. Kilimatinde, mahali pa kutokea Ugogo kuiingia nyika, ni nani humpeleka? Asiyeijua tarehe ataudhani utupu ule kuwa hapakuwa na jambo.

Picha moja nimeirudia mara nyingi. Mpigaji amelipa tembe mgongo, akapiga njia ya udongo, miembe, na baiskeli iliyopakiwa magunia ya mkaa. Hakuandika neno. Ningependa kuiona aliyoipiga siku ya pili yake, mbele kidogo.