Andazi la Mdalasini na Somo Lake

Mhakiki wa lugha hushika kalamu kwa ajili ya vitabu, si kwa ajili ya vitafunio. Hata hivyo tumeona yafaa kulihakiki andazi la mdalasini, mwenzi wa chai ya asubuhi hapa Arua na Koboko, kwani ndani yake mna somo ambalo sisi walimu tumelipuuza.

Tuanze na jina. Neno "mdalasini" limetoka Uajemi kwa njia ya Kiarabu: "dar" ni mti, na "chini" ni Uchina. Waswahili walipolipokea waliliongezea kiambishi "m-", wakaliweka katika ngeli moja na mwembe na mkarafuu. Basi mdalasini ni mti mara mbili! Tena jina hilo lapotosha, kwani mdalasini ulio bora, wenye ganda jembamba, asili yake ni Sri Lanka. Ule wa Uchina ni jamaa yake mwenye ganda nene. Zamani asili yake ilifichika hata Herodotus, Myunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, akasimulia kuwa vijiti vyake huokotwa na ndege wakubwa, wakajengea viota.

Kuhusu andazi lenyewe, sifa yake ni harufu, inayomfikia mlaji kabla ya ladha. Nchi yetu ni ya muhogo na mtama. Ngano na viungo hutoka mbali, na pengine ndiyo maana andazi hili lina heshima ya mgeni. Aibu yake ni sukari kupita kiasi, na mdalasini uliosagwa zamani, ambao mafuta yake yenye harufu yamekwisha kupotea.

Sasa tulifikie somo. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi wakaingia jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Tangu hapo wengi nchini wamekiona kuwa lugha ya bunduki. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ni hatua njema, lakini sheria haitii mapenzi moyoni.

Nasi walimu hatuna budi kujilaumu. Twafundisha "simama", "keti" na "nyamaza", maneno ya kambini, kabla ya "kanda", "sukuma" na "kaanga". Mtoto asemaye "mandazi moja" twamkemea, ilhali tayari anacho Kiswahili kinywani. Tumshukuru kwanza, kisha tumwonyeshe andazi na maandazi. Na tuingiapo darasani tuchukue kipande cha ganda la mdalasini, kila mwanafunzi akinuse, ndipo tuandike jina lake ubaoni.