Ustadi wa Kushindilia Bastola ya Fataki

Bastola ya fataki, iliyoshamiri Marekani tangu hataza ya Samuel Colt ya mwaka 1836 hadi kampuni yake ilipogeukia bastola za risasi za maganda mwanzoni mwa miaka ya 1870, hushindiliwa chemba moja baada ya nyingine: baruti, kisha goroli ya madini laini ya risasi, mwisho fataki kwa nyuma. Ni kazi ya gobori iliyorudiwa mara sita katika chombo cha mkononi, na hitilafu zake nyingi huzaliwa wakati huo wa kushindilia. Uhodari wa fundi wake ni kusoma dalili, nazo ni danganyifu, kwani panapogoma mara nyingi sipo penye kosa.

Dalili bora kuliko zote huonekana kabla ya mlio wowote. Goroli hutakiwa kuizidi chemba kidogo. Colt Navy ya 1851, ya kaliba ya .36, hutumia goroli ya inchi 0.375 au zaidi kidogo. Wenzo ulio chini ya mtutu unapoisukuma ndani, ukingo wa chemba huinyoa, na pete nyembamba ya risasi hubaki juu, inang'aa kama uzi wa fedha. Pete ikitoka nzima, goroli imebana pande zote. Ikitoka kipande, goroli huenda imelegea: yaweza kusogea mbele kwa mshtuko wa chemba jirani, au moto ukapenya na kulipua chemba mbili tatu kwa mpigo. Kwa hofu ya balaa hilo wapigaji hupaka shahamu kwenye midomo ya chemba, ingawa shahamu haitengenezi goroli iliyo ndogo. Wapo wanaoshikilia kwamba moto huingilia nyuma, kwenye fataki zilizolegea. Ubishi huo ni wa zamani. Mwenye hekima hubana mbele na nyuma.

Silinda, yaani gurudumu lenye chemba, ikigoma kuzunguka mara tu baada ya kujazwa, goroli imechomoza na inagonga kitako cha mtutu. Ama baruti imezidi, ama wenzo haukufikishwa mwisho. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: baruti kidogo mno, hata wenzo ukaishia njiani na kuacha uwazi chini ya goroli. Hapo wapigaji hujazia semolina juu ya baruti, ili goroli ikae imegandamana na kilicho chini yake.

Silinda ikigoma baada ya milio kadhaa, lawama huangukia masizi, na kwa kawaida ni haki. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi hubaki yabisi baada ya kuungua, na utandu huo hunyonya unyevu. Mhimili wa silinda ya Colt una mifuo ya kushika grisi. Ule wa bastola shindani ya Remington ni laini, hivyo hukwama mapema, japo fremu yake ni imara zaidi. Lakini katika nakala nyingi za Colt zinazotengenezwa Italia, kabari inayoshikilia mtutu ikigongwa kupita kiasi huuvuta mtutu hadi ukaibana silinda. Fundi hugusa kabari kabla ya kushika kitambaa.

Fataki nayo ina lugha yake. Ikikataa pigo la kwanza na kuitika la pili, haikuwa imekaa sawasawa kwenye chuchu, kile kijibomba cha nyuma ya chemba. Nyundo ndiyo iliyoikalisha. Ikilia peke yake bila baruti kuwaka, tundu la chuchu limezibwa na mafuta au uchafu, na mdomo wa mtutu hubaki umeelekezwa kwenye shabaha kwa muda, maana baruti yaweza kuchelewa. Kinga yake hufanywa chemba zikiwa bado tupu: fataki hulipuliwa mtutu ukiwa karibu na jani, na jani likitikisika, njia ni wazi. Vipande vya fataki iliyopasuka huweza kudondokea ndani ya mtambo wa Colt na kuukwamisha, ndiyo maana wapigaji wengi huinua mtutu juu wanapovuta nyundo, ili vianguke nje.

Baada ya kupiga, silinda hutolewa, chuchu hufunguliwa, na vyote huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hukaushwa vizuri, kisha hupakwa mafuta kidogo. Yakizidi, mafuta hayo ndiyo yatakayoziba tundu safari ijayo.