Kwato Kabla ya Dau

Endebess inajua mikokoteni ya punda kuliko mbio za farasi. Hata hivyo, uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaotumika tangu 1954, unastahili pongezi hata huku Trans Nzoia. Sifa si ya dau, ni ya saisi: ndiye anayeinua kwato, akachokoa tope na vijiwe, akapapasa mguu kusikia kama una joto, kabla farasi hajatandikwa. Watu watasema hiyo ni starehe ya walowezi, tena kamari. Asili hiyo haikataliki. Lakini kamari ya simu hukomba mifuko usiku kucha bila kumlisha mnyama hata mmoja, ilhali mbio zahitaji nyasi, mfua viatu vya chuma na daktari wa mifugo. Punda wetu, wanaochubuliwa mabega na kamba za mkokoteni, wangefaidi ujuzi huo.