Nyangwe: Soko la Mtoni na Waliolisimulia

Nyangwe ni mahali padogo katika jimbo la Maniema, kwenye ukingo wa mashariki wa Lualaba. Maandishi yanayopahusu, hata hivyo, ni mengi kupita ukubwa wake, na mengi yao yameaminiwa upesi mno.

Katika shajara za Livingstone, aliyefika huko Machi 1871, jiografia ya Nyangwe ni soko. Wanawake walivuka kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Samaki, vyungu, chumvi na kuku vilibadilishwa hapo. Mto haukuwa mpaka, ulikuwa barabara. Tarehe 15 Julai mabishano juu ya bei ya kuku yaliishia kwa risasi. Wengi waliokimbilia mitumbwi walizama, na makadirio aliyopewa Livingstone ni kati ya watu 330 na 400. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1874 baada ya kupitia mikono ya mhariri, Horace Waller. Wataalamu walipoisoma upya kwa mitambo, mwaka 2011, shajara aliyoiandika juu ya karatasi za gazeti kwa wino wa matunda, ilionekana kwamba simulizi la mwanzo lina mashaka, hasa kuhusu watu wake mwenyewe, ambayo kitabu kiliyafifisha.

Je, Maisha ya Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kutolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, yanaziba pengo hilo? Wapo wanaoyachukua kuwa sauti ya wenyeji kwa sababu tu ya lugha yake. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwandishi alizaliwa Unguja, na Nyangwe kwake ni kituo cha msafara: nani yupo, nani ana pembe, Cameron alikutwa lini. Ufundi wake wa kusimulia haukanushiki. Ila macho yake ni ya mfanyabiashara, hayakai sokoni.

Mwaka 1893 majeshi ya Dhanis yaliuteka mji, na Kifaransa kikaongeza tabaka jingine la maandishi. Kiswahili kilibaki Maniema, kikawa cha watoto wa wale waliovuka na wale waliovukiwa. Utafiti wa Nyangwe ungeanza kwa hao, katika lugha za kingo zote mbili, kabla ya kurudi kwa Livingstone na Tippu Tip.